Kufuli la Mlango wa Nyumbani

Korogwe,
Oktoba 1974

Kaka Rehani,

Shikamoo. Nimefika chuoni salama, natumaini nawe huko Hale hujambo na kazi. Bwenini nimepangwa na Efrazia wa Dindira, ambaye hajazoea joto na analalamika usiku kucha.

Uliniambia nisibebe vitu vingi. Nilipanga sandukuni shuka, nguo na jembe walilotuagiza. Mama akawa anachomeka vyake: mbegu za mahindi zilizokuwa zikining'inia moshini mekoni, kinu kidogo cha bibi, hata picha yako. Nikitoa, anarudisha. Alisema lori la kuwahamishia kijiji kipya likija vitu vitarushwa ovyo, afadhali vikae kwangu.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta mlango wa nyumba hauna kufuli. Alikuwa amelifunga kwenye sanduku langu, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga yake, kama alivyozoea miaka yote. Sikukumbuka kuuomba mpaka niliposhuka hapa.

Lori lilikuja siku ileile. Mtu wa kwetu Kwamsisi aliyepita hapa jana anasema watu walishushwa vijiji mbalimbali. Yeye hakumwona mama.

Matroni anataka fundi avunje kufuli. Nimemwomba asubiri kidogo. Najifunika kanga ya Efrazia.

Tafadhali mtafute mama, kaka. Ukimpata, usimwambie kwamba sijafungua sanduku. Muulize tu kama ufunguo bado anao.

Mdogo wako,
Mwaija