Kwa Nini Salko Hatakuja Kuchinja Paramaribo

Chumba cha juu, nyuma ya tanuri la mikate,
Winterswijk, Uholanzi.
4 Juni 1945

Mpendwa wifi yangu Jansje,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Izak na watoto. Vipi miguu yako, bado inavimba kwa joto la huko Paramaribo? Sisi tu wazima. Judik, aliyeingia mafichoni akiwa na miaka minne, sasa ana saba. Ameota meno mawili mapya na anakohoa kidogo. Kaka yako Salko anakula, analala, anatembea. Habari za Mama niliziandika katika barua ya kwanza, sizirudii.

Barua yako ilifika Alhamisi. Unasema sinagogi yenu haina mchinjaji tangu mzee wenu afariki, na baraza liko tayari kutulipia meli na kutupa nyumba, mradi Salko aje na kisu chake. Salko aliisoma, akaikunja, akaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji. Kwa hiyo nakujibu mimi, na naomba usome peke yako kwanza.

Unajua tulijificha kwa Derk Lammerdink, yule mfuga nguruwe ambaye zamani alikuwa akimwuzia Salko ndama. Miaka miwili na nusu tulikaa darini, juu ya zizi lake. Harufu ile naisikia mpaka leo kwenye nywele zangu, nimeziosha hadi mwenye tanuri ananilalamikia maji. Lakini kilichonichefua si harufu.

Vuli ya pili, Derk alitaka kuchinja kwa siri. Wajerumani walikuwa wamehesabu kila nguruwe, na kuchinja bila kibali ilikuwa jela. Mchinjaji wa kijiji alikuwa amechukuliwa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Na nguruwe akikatwa na mtu asiyejua, kelele zake zinafika kijiji cha pili. Basi Derk akapanda ngazi, kofia kichwani, akakaa kwenye godoro letu bila kukaribishwa.

"Salko bwana, wewe si fundi wa kisu? Nina kazi yako Jumapili."

"Ng'ombe na kondoo, sawa. Huyo wako simgusi, Derk. Unajua vizuri."

"Haya, nitaita mwingine. Ila huyo mwingine naye ana macho, na ngazi hii ataiona." Akamgeukia Judik, akamfinya shavu. "Au vipi, kabinti?"

Salko alishuka. Wala usianze kuniambia kwamba dini inaruhusu kwa ajili ya kuokoa roho. Salko analijua hilo kuliko shemeji Izak na baraza lake lote. Kisu chake mwenyewe alikiacha kwenye kitambaa chake chini ya majani makavu, akachukua cha jikoni cha Dina, mke wa Derk. Alikinoa saa nzima, akipitisha ukucha kwenye makali kutafuta pengo, kama alivyofundishwa na baba yenu.

Ilikuwa saa ya ibada, kijiji kizima kiko kanisani, pamoja na polisi wake. Mimi na Judik tulichungulia kwenye ufa wa mbao. Nguruwe hakutoa hata mguno. Wakampasua. Hapo ndipo mkono wa kaka yako ulipoingia kifuani mwa yule mnyama, ukapapasa mapafu taratibu, huku na huku, kutafuta kidonda au mahali yaliposhikamana na mbavu, kasoro inayoharamisha nyama. Miaka ishirini mkono ule umefanya hivyo kwa kila ng'ombe, haukungoja kuamriwa. Mapafu yalikuwa mazima. Salko akanyanyua kichwa, akasema kwa sauti ile ya kazini, "Halali."

Derk alicheka mpaka akakalia ndoo.

Hadithi ikavuma kwa majirani ambao nao, kwa nguruwe wao wa siri, hawangethubutu kutusema. Majirani wakaanza kuleta nguruwe wao kila Jumapili, wanaume wazima waliowadanganya wake zao kwamba tumbo linauma, hawawezi kwenda kanisani. Derk alichukua paja moja kwa kila nguruwe. Punde wakawa wanasimama duara, mikono mifukoni, na hakuna aliyegusa nyama kabla Derk hajashika kiuno na kusema, "Haya, Salko, tuambie basi. Halali?"

Ikabidi aseme. Jumapili ya tatu alinyamaza, na Derk akainua macho juu, kwenye ufa wetu, akangoja. Salko akasema. Nguruwe kumi na mmoja, wifi, na mara zote kumi na moja walicheka upya.

Mimi nilikula. Dina alileta sahani ikidondoka mafuta, nikala nikalamba vidole, nikamlisha na mtoto. Lakini mimi nilikuwa na njaa. Wale walicheka wameshiba.

Najua utasema shukrani ya punda ni mateke. Kweli, Derk alituokoa, tuko hai kwa sababu yake, na nikimwona upande huu wa barabara navuka. Meya amempa shada la maua. Jioni husimulia kilabuni habari za wageni wake wa darini, na kisa cha halali ndicho wanachomwomba akirudie.

Mwezi uliopita, kwa Sikukuu ya Majuma, sisi Wayahudi kumi na wanane tuliotoka mafichoni tulipata ndama. Salko alifungua kitambaa, akatoa kisu chake mwenyewe. Alichinja vizuri, akapapasa mapafu, nikaona usoni mwake kwamba ni mazima. Tukangoja neno. Alifungua kinywa, akakifunga. Mzee Bram Zilverberg akamwambia kwa upole, "Tikisa kichwa tu, mwanangu, inatosha." Hakutikisa.

Ndipo Judik akasogea mbele, akashika kiuno, akaikaza sauti yake. "Haya, Salko, tuambie basi. Halali?"

Watu wakacheka. Hawakujua kitu, waliona mtoto mchangamfu tu, na wengi wao walikuwa hawajacheka kwa miaka mitatu. Salko alifuta kisu, akakifunga katika kitambaa, akampa Mzee Bram. Bila neno lake hatukuweza kumla, ndama tukawagawia majirani Wakristo. Sikukuu tulikula mkate na jibini.

Judik ananiuliza kila siku amekosa nini.

Basi mwambie shemeji Izak atafute mchinjaji mwingine, na Salko amtafutie kazi ya mbao, ya duka, ya kufagia bandari, yoyote isiyo na damu. Tukipata nauli kwa kazi hiyo, tutakuja.

Nisalimie Izak, Hartog na mdogo wake Vogeltje, na shangazi Duifje kama bado anazozana na majirani. Mungu awalinde na baraka zake zikae mlangoni kwenu.

Siku tutakayofika, pikeni mnachopika, tutakula. Ila waambie wote, hata watoto: mezani asiwepo wa kumwuliza Salko kama ni halali.

Wifi yako, nikupendaye kuliko barua hii inavyoonyesha,
Sientje