Kichwa Ulichonyoa Ufaransa

Sasa Musimbi,

Huku Silanga tuko, mboga za sukuma za Mama zimeshika vizuri kando ya dam. Picha zako za wikendi tumeziona, wewe na wanafunzi wenzako kwenye boti huko Ufaransa. Umenyoa kichwa chote na unacheka.

Mama alipoziona alinirudishia simu akauliza ni nani amekuambia. Unajua kwetu tunanyoa hivyo baada ya mazishi, na sisi tulikuwa tumekubaliana usiambiwe mpaka umalize mitihani.

Sasa sielewi. Kama ni staili tu, mbona wiki ileile tuliyonyolewa sisi? Na kama unajua, mbona unacheka?

Nimejaribu kukuuliza bila kumtaja Baba, nimeshindwa. Nipigie mimi kwanza.

Kaka yako,
Shiundu