Sikusema Nimepona

Sabato, jioni

Eti nisimame niseme nimepona! Wakati wa shuhuda kanisani, mama mdogo alinifinya mkono mpaka ukauma. "Nyathina, simama. Mwambie Mungu asante, watu waache kuuliza."

Mimi, ambaye kujibu swali darasani tu hunitoa jasho.

Tangu muhula uliopita hakuna kinachonipendeza. Mama mdogo akikaanga ngege, wale samaki wa ziwani kutoka Sindo, hata kile kichwa nilichokuwa nikigombania na kaka zangu, natafuna kama karatasi. Kuimba kwenye kwaya pia ni hivyo. Daktari wa kliniki alinieleza kuwa kwenye ubongo kuna kemikali, dopamini, inayotusukuma kutaka vitu na kuvifurahia, na kwamba mfadhaiko wangu unaweza kuvuruga kazi yake. Si dhambi. Si uvivu.

Basi nikasimama. "Bado mimi ni mgonjwa," nikasema. "Nameza dawa. Nikiimba sisikii utamu wowote, lakini naimba."

Mama mdogo akafunika uso kwa kitambaa.

Ndipo mwalimu wa kwaya akasema kutoka nyuma, "Sawa. Sauti ya pili tuko na watu wawili tu. Kesho saa tisa mazoezi, na usichelewe kama kawaida yako."

Watu wakacheka. Mimi sikuhisi kitu. Naogopa kwamba labda itakuwa hivi maisha yangu yote.

Lakini sitakaa nyumbani nikiingoja furaha. Kesho saa tisa niko pale. Ikitaka kurudi, itanikuta nikiimba.