Wamehamia Kule

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Machi 2002

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na miguu imepunguza kuuma. Mimi mzima, bado nahudumia wateja kwenye duka la intaneti.

Kaka Miraji nimemwekea ukurasa mtandaoni. Kuna kampuni ya Ulaya inampa mtu nafasi bure, ilimradi ukubali matangazo yao yakae juu. Nimeweka picha yako na maneno haya: "Miraji, unatafutwa na mama yako, Kibiti." Akiandika anwani hii huko Sauzi, atauona. Anwani ni ndefu, nimekuandikia nyuma ya barua kwa herufi kubwa.

Mwanao,
Ridhiwani

Kibiti
2 Aprili 2002

Mwanangu Ridhiwani,

Marahaba. Sijambo, miguu ndiyo ile ile. Barua yako ameileta kondakta, imelowa kidogo.

Anwani nimeinakili kwa mkono wangu kwenye vikaratasi vingi. Kila kijana ninayesikia anakwenda kuzamia meli, namfuata nampa kimoja. Mtoto wa jirani yetu Kijakazi amekishonea ndani ya kola. Watu wananicheka, wacha wacheke.

Ongeza maneno. Nilipomwambia kaka yako asikanyage kwangu tena, zilikuwa hasira tu, na mwaka wa tisa huu nazijutia. Mwambie dungu lake la kulindia mpunga bado limesimama bondeni. Kila msimu naliezeka upya.

Lakini hao wanaotukalisha bure, siku wakituchoka itakuwaje?

Mama yako,
Mwanabaraka

Kariakoo
21 Agosti 2003

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Nina habari njema. Tajiri yangu amenisaidia kwa kadi yake ya benki, na sasa tuna jina letu wenyewe mtandaoni: Mwanabaraka, nukta, com. Hakuna tena tangazo la bia juu ya kichwa chako. Ule ukurasa wa bure nimeufuta, ulikuwa unatutia aibu.

Mwanao,
Ridhiwani

Kibiti
6 Septemba 2003

Mwanangu,

Marahaba. Kuona jina langu limepewa heshima nimefurahi, sikatai. Ila baba, umenikata maini. Vikaratasi vyangu vyote vina anwani ya zamani. Mtu akifika pale atakuta nini?

Tulipohamishwa bondeni kuja Kibiti, enzi za vijiji, babu yako alimwacha shangazi yako Biasha kwenye mahame wiki tatu nzima, na unga wake na kuni zake. Kazi yake ilikuwa moja, kumwambia kila ajaye: wamehamia kule. Wewe umehama hukuacha mtu.

Rudi ukaweke mtu.

Mama yako

Kariakoo
19 Septemba 2003

Mama,

Shikamoo. Nimekosa. Bahati nzuri ile anwani ilikuwa haijachukuliwa na mtu, nimeifungua tena vile vile. Nimeandika mstari mmoja tu, "Wamehamia kule", na mtu akiubonyeza anafika kwetu.

Mwanao

Kariakoo
14 Februari 2004

Mama,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome. Jana umeingia ujumbe, nauandika kama ulivyo:

"Ridhi, mimi kaka yako Miraji, niko Durban. Kikaratasi alinipa kijana wa nyumbani mwaka juzi, mwandiko wa mama nikaujua. Kila Ijumaa nilikuwa naingia kumtazama tu. Kuandika sikuwa na uso. Mwaka jana, mwezi wa nane, nikakuta hakuna kitu, nikajua mama amefariki. Nikamsomea Yasini peke yangu chumbani. Leo nimejaribu tena, sijui hata kwa nini, nikakuta mmehamia kule. Mama yupo?"

Nimjibu nini?

Mwanao,
Ridhiwani

Kibiti
20 Februari 2004

Mwanangu Ridhiwani,

Marahaba. Mjibu kwamba mama yupo. Nimelia mpaka majirani wakaja kunipa pole, wakadhani kuna msiba.

Ule ukurasa wa zamani usiufute tena, hata Miraji akija. Mtoto wa Kijakazi hajamwandikia mama yake bado, na anwani aliyonayo kwenye kola ni ile.

Na mwambie kaka yako msimu huu dungu siliezeki. Makuti nimeshayasuka, yako uani. Aje aezeke mwenyewe.

Mama yenu,
Mwanabaraka