Exonerado Si Kutuliwa Mzigo

Palma, Cabo Delgado
Jumanne, 11 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Verónica,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote wa nyumbani Newala. Je, magoti yako yamepata nafuu katika baridi ya huko juu? Mimi sijambo, ila tangu Jumapili natafuta njia ya kukupata. Uniwie radhi kwa ufupi wa salamu. Abdurrazaque, mchuuzi wa samaki wakavu atakayekuletea barua hii, amesimama mlangoni anakohoa makusudi.

Nakuomba sana: kama mwanao Hermínio yupo hapo, mzuie. Asivuke Ruvuma kuja huku Msumbiji.

Wiki iliyopita nilikupigia simu kwa furaha kuwa redio imemtangaza mwanao exonerado. Nilidhani ni ile kesi ya mabati ya shule ya Pundanhar, anayosingiziwa kuyauza wakati sote tulipokuwa tukikimbia vita. Mapadre walitufundisha Kilatini: onus ni mzigo, exonerare ni kuutua. Nikaamini lawama imeshushwa kichwani pake. Ukapiga vigelegele, nami nikasema: mwambie mjomba wake anamwita nyumbani.

Jumapili akaja Kátia, mjukuu wangu anayesomea sheria Pemba. Nilipomsimulia, alishika kiuno akacheka.

"Aka, babu! Mzigo waliomtua ni kiti cha udiretor, ukurugenzi wake. Exonerado ni kuvuliwa cheo. Anayeondolewa lawama na hakimu huitwa ilibado."

Nikambishia kwa Kilatini.

"Babu, polisi hawasali misa ya Kilatini."

Kisha akauona uso wangu, akasema tumtafute wakili upesi.

Asili ya neno sikuikosea, mdogo wangu. Nilikosa kuuliza serikali inalitumiaje. Kwa Warumi lilikuwa faraja. Kwetu mtu hupoteza kazi kwa neno hilohilo, na kesi yake ikabaki palepale. Akionekana hapa leo atakamatwa kabla hatujampatia wakili. Kátia amekwenda kumtafuta huyo wakili. Simu nazo zimekufa tangu jioni ile ya Jumapili. Nimezunguka mji mzima nikiinua yangu juu kama mwehu, bure. Nisamehe.

Linalonitisha zaidi ni desturi yetu wenyewe: mjomba akiita, mpwa haulizi.

Nisalimie shemeji Délcio, na binti yetu Lénia, umwambie zawadi yake ya ubatizo sijaisahau. Mungu awalinde, na safari hii moja amcheleweshe mwanetu kwa jambo dogo lisilo na madhara.

Na kama ameshaondoka, usitume mtu wa kumkimbiza. Miguu yangu haifiki Newala, lakini kivukoni itafika. Kesho asubuhi nitashuka huko, nikae palipo na watu wanaoshuka, kila siku, hadi nipate neno lako. Aliyemwita ni mimi. Akikanyaga upande huu, mtu wa kwanza kumshika mkono nitakuwa mimi, si askari.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye bila kutulia,

Paulino