Jina la Mtoto Ukutani, Luxor

Mume wangu mpenzi,

Natumaini u mzima na korosho zimeanza kudondoka. Vitambaa tumeshanunua Kairo, wenzangu wakaona tusirudi kabla ya kuyaona makaburi ya kale ya hapa Luxor. Nje jua linaunguza kuliko la Masasi. Ndani ya kaburi kuna ubaridi, na kuta zote zimechongwa maandishi ya picha za ndege na macho. Dada aliyetuongoza alituonyesha mstari mmoja. "Hili ni jina la mtoto mchanga wa waliozikwa humu," akasema. "Waliamini likisomwa, naye anaishi."

Tangu tumzike Chilumba wetu pale Newala hatujamtaja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Mle ndani nikalitamka jina lake. Yule dada akauliza ni nani, nikamwambia ni mwanangu. Akasema "Shilumba." Nikamsahihisha, akarudia polepole mpaka akalipata. Nililia, lakini moyo umepoa.

Nikirudi tumtafute fundi amwandikie jina kwenye saruji ya kaburi lake. Hata kabla sijafika, nenda ukakae naye kidogo, umwite. Mungu akutunze.

Mkeo,
Mama Chilumba