Mto Unaorudi Nyuma

Ifakara, 9 Mei 1956

Kaka Kasmiri, shikamoo.

Nilimsomea mama barua yako kuhusu mto wenu mfupi huko pwani, kaa kwenye mikoko, na jinsi bahari ikijaa mto hurudi nyuma na kurudisha magogo. Akasema, "Hapo rudia."

Wiki ya tatu hii tangu kiboko apindue mtumbwi wa baba, na mwili hatujauona. Wazee wanataka Jumamosi tuzike mgomba badala yake. Mama amewajibu, "Mgomba ulinioa lini? Mto wa Kasmiri unarudisha, wetu utashindwaje?"

Tafadhali mwandikie kwamba Kilombero haurudi. Mimi sikuweza. Sasa hivi ameketi ukingoni na shati kavu la baba, kama alivyokuwa akimpokea kila alipotoka kuvua.

Ni mimi mdogo wako,
Yosefina